Mkono wa Kulia Ukutani

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Februari, mwaka 1971, nilitambaa ndani ya moshi nikiwa nimeushika ukuta kwa mkono wa kulia, na mke wangu alikuwa amelala hatua moja tu kutoka mahali mikono yetu ilipokomea. Kabla ya siku hiyo nilikuwa mkata mawe mwenye magoti mabovu na mke mcheshi. Baada yake nimebaki na magoti.

Siku hiyo ilikuwa ya chakula cha kila mwaka cha kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea. Mji mzima wa Haskett huja kula maharagwe ya nyama na pilipili katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na kinachochangwa hutumika kununua mipira ya maji. Wanawake walikuwa jikoni tangu asubuhi, Arvella akiwa kinara wao, mwiko mkononi kama fimbo ya jemadari. Nilipopita mchana kuonja, alinipiga kofi mkononi akaniambia, "Ngoja foleni kama raia wengine, Verlin. Humu ndani huna cheo." Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Nimelitafuna miaka mingi na bado lina ladha.

Moto ulianzia chumba cha tanuru ya kupashia jengo joto, na tanuru ilikuwa imepakana na stoo ya viti vya sponji. Sponji haiungui kama kuni. Hutoa moshi mweusi, mzito kama lami iliyopata mabawa. Wanawake walipanda ngazi wakikohoa, na walipofika nje Arvella akawatazama mmoja mmoja, asimwone Bi Tressie Pruitt, kikongwe kiziwi aliyekuwa akimenya vitunguu. Akarudi chini kumtafuta. Kumbe Bi Tressie alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma kitambo, kwenda kumwaga maganda, na alikuwa amesimama kwenye theluji akishangaa wingu lililotoka madirishani.

Nilifika na gari letu la zimamoto, nikavaa mtungi wa hewa, nikataka kuingia. Mzee Gus Wininger, mkuu wetu wa wakati huo, akanishika ukosi. Sheria ya kikosi ni moja na haina mjadala: haingii mtu peke yake. "Nikikuachia uingie hivyo nitatoa maiti mbili," alisema. "Mngoje mwenzio."

Mwenzangu alikuwa Norbert Hatke. Tulikuwa tukiingia pamoja tangu ujana, yeye na mimi, kama jozi ya viatu, na wengine wote siku hiyo walikuwa kwenye pampu na mipira. Norbert aliishi nyuma ya kanisa. Kutoka pale ngazini niliweza kuiona nyumba yake, na niliona kwamba gari lake halipo. Nikangoja. Kama umewahi kungoja huku mtu wako akiungua ndani, sina la kukueleza. Na kama hujawahi, nikikueleza hutaelewa.

Hatimaye gari lake likatokea, likiteremka kwa kasi kwenye barabara ya Kilimani. Norbert akashuka bila kofia, uso umempauka kama mtu aliyezabwa kofi mbele za watu.  Sikumuuliza alikotoka. Tukaingia.

Ndani ya moshi kama ule macho ni mzigo tu. Wa mbele hutambaa akiwa amegusa ukuta kwa mkono wa kulia, na ukuta hauachi hata aitwe na malaika, maana ukuta ndio utakaomrudisha mlangoni. Wa nyuma hushika kiatu cha wa mbele kwa mkono mmoja, na kwa mwingine hupapasa kuelekea katikati ya chumba. Hivyo ndivyo walivyofanya baba zetu. Tuliuzunguka ukumbi wote, nikamwita Arvella ndani ya barakoa mpaka sauti ikakauka. Tukauzunguka tena. Vijana wa nje walipovunja madirisha na moshi ukapungua, tukamwona. Alikuwa katikati, chini ya meza ya vijiko, aproni ameibana puani. Vijiko vilikuwa vimepangwa safi juu ya meza, kila kimoja na kitambaa chake.

Daktari alisema alikuwa amekata roho muda mfupi tu uliopita. Alidhani ananifariji.

*

Sasa niwaeleze kuhusu Kilimani, maana bila Kilimani hamtaelewa kwa nini sikumuuliza Norbert alikotoka.

Juu ya mji wetu kuna maabara ya jeshi. Ilijengwa baba yangu akiwa kijana, kwenye mashamba yaliyochukuliwa kwa amri, na tangu hapo Haskett imekuwa miji miwili: sisi tunaokata mawe, na wao wanaopanda asubuhi kupita lango lenye walinzi na kushuka jioni wamefunga midomo. Wanaunda vyombo vya umeme, lenzi, vitu vya kuona na kusikia ambavyo sisi wengine tunavisikia tu kama ngurumo ya mbali. Mtoto wa Haskett hufundishwa mapema kwamba mtu wa Kilimani haulizwi. Huulizi anafanya nini, huulizi ametoka wapi, huulizi kwa nini nguo zake zinanuka hivi au vile. Ni adabu, kama ya kutomuuliza mgeni ataondoka lini. Norbert naye alikuwa mtu wa Kilimani, na ukimuuliza kazi yake alikuwa akikupa jibu lililokubaliwa na mji mzima: "Nashughulika na balbu."

Aliyeidharau adabu hiyo ni mmoja tu, na nilikuwa nimemuoa. Norbert akija kwetu kucheza karata, Arvella alimwandama.

"Shemeji, hizo balbu zenu zinaliwa? Maana ukiacha hii yangu ya jikoni, inayowaka inapopenda, sijaona nyingine."

"Ziko njiani, shemeji."

"Njia gani hiyo? Hata konokono angekuwa ameshafika."

Norbert alicheka mpaka karata zikaonekana. Alikuwa kapera, na nadhani alikuja kwa ajili ya kutaniwa kuliko kwa ajili ya karata. Baada ya mazishi aliendelea kuja, kila Jumamosi, na pai ya tufaha kutoka duka la mikate. Tulicheza wawili mchezo wa watu wanne, tukipiga karata za wasiokuwepo. Watoto hatukujaliwa, ndugu zangu wamezikwa, na machimboni nilistaafu mapema kwa ajili ya magoti. Kusema kweli, kwa miaka kumi na minane mtu aliyenizuia nisizungumze na kuta alikuwa Norbert Hatke. Na lawama zangu zote zilikuwa zimeelekezwa kwa moshi. Moshi haukuwa na mkubwa wake wa kumshitaki.

*

Mwaka 1989 wakubwa wa Kilimani wakafungua lango. Maadhimisho, walisema. Wananchi karibuni. Wakaweka puto kwenye waya wa miba.

Tukaalikwa kikosi kizima, maana tungekabidhiwa zawadi. Kamanda wa maabara alihutubia, kifua kimejaa nishani, akasema kwamba maarifa ya ulinzi sasa yanarudi kwa wananchi. Yanarudi. Nilijiuliza yalikuwa kwetu lini hata yarudi. Kisha tukaongozwa kwenye ukuta mmoja mrefu uliojaa vibao vya mbao vyenye bamba la shaba, kila kimoja kwa hataza moja, yaani ule ushahidi wa serikali kwamba uvumbuzi fulani ni wa fulani. Vilikuwa vimepangana kama mawe ya makaburi ya watu wenye uwezo.

Kwenye meza chini ya vibao kulikuwa na chombo cha ukubwa wa sanduku la mkate, chenye lenzi nyeusi mbele na kioo kidogo nyuma. Msichana wa maabara, jina lake Janine, mchangamfu, aliyezaliwa mji mwingine, akakielekeza kwetu. Kwenye kioo nikatuona wazee wa zimamoto tumegeuka vivuli vyeupe, mashavu yanang'aa, pua nyeusi kwa baridi.

"Hiki huona joto la mwili, wala hakihitaji mwanga," akasema. "Na moshi hakiujali. Kwake moshi ni kama pazia la kioo."

Wenzangu wakapiga miluzi. Mmoja akasema sasa mkewe hatakuwa na pa kujificha. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka. Nikamuuliza binti yule chombo kilianza lini kufanya kazi.

"Zamani sana, mzee. Vuli ya 1970 walikijaribu kwenye ghala la nyasi kavu kule nyuma. Walilichoma, wakaweka kondoo ndani, moshi ukajaa kabisa. Wakamwona papo hapo, wakamtoa."

"Kondoo alitoka mzima?"

"Mzima kabisa." Akacheka kwa furaha ya mtu anayesimulia hadithi nzuri. "Wanasema aliishi mpaka akazeeka, akawa kama mwanachama wa maabara."

Nilikumbuka vuli ile. Nilimkumbuka Norbert akija mazoezini ananuka moshi wa nyasi kavu, na mimi, kwa adabu yetu, nikigeuza uso.

"Mbona basi sisi tumekiona leo?"

"Kulikuwa na amri ya usiri juu ya ombi la hataza. Kila mwaka wakubwa hukaa wakaamua iendelee au iondolewe. Hii imeondolewa majuzi tu, kwa vile wengine duniani wameshaanza kuuza vya kwao."

Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Kila mwaka, kwa hiyo, kulikuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri, akafikiria kama watu wa chini ya kilima waendelee kupapasa, akaona ndiyo, waendelee, kisha akaenda kula. Wenye macho hawaambiwi tazama, lakini ni nani aliyewapa ruhusa ya kututoboa sisi yetu?

Nikainua uso. Kwenye kibao kilichokuwa juu ya chombo, jina la kwanza lilikuwa la Norbert. Mwenyewe alikuwa amesimama mwisho wa meza, amevaa tai, ananitazama kama mtu anayeona ukuta unamwangukia na hana haja ya kukimbia.

*

Jumamosi iliyofuata akaja, saa ile ile, na pai ile ile. Nilimwacha asimame hadi akaketi mwenyewe. Hatukugawa karata.

"Kondoo," nikamwambia.

Akatazama mikono yake. Alisema kwamba alikuwa amejitahidi. Nikamwuliza kujitahidi gani huko, kushika kiatu changu huku akijua mimi ni kipofu ninayemburuza kipofu wa uongo? Norbert hajawahi kuwa mwepesi wa maneno. Nusu ya maisha yake ameipitisha akiyameza. Lakini siku hiyo alisema, na nitayaandika kama alivyoyasema.

"Nilikwenda kukichukua, Verlin. Nilipita kanisani kabla hujafika, wakaniambia Arvella yuko ndani. Nikauona ule moshi. Nilijua ukuta hautatusaidia kitu. Nikageuza gari."

Alifika langoni, akaomba afunguliwe kabati lenye chombo. Mlinzi akapiga simu, akateremka afisa wa zamu. Norbert akamweleza kuna moto mjini na kuna kifaa ndani kinachoweza kumpata mtu. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha akamwambia kwamba kifaa anachokitaja hakipo, na akikitaja tena nje ya uzio atakwenda jela. Norbert akabaki pale akimsihi. Alipoona hakuna linalosogea, akarudi.

 Sikuhitaji aniambie lililobaki. Muda ule aliokuwa akisihi langoni ndio uleule niliokuwa nimeshikwa ukosi ngazini, nikiitazama nyumba yake. Laiti angekuja moja kwa moja, tungeingia mapema. Laiti wangempa chombo, tungemwona tukiwa mlangoni. Alikuwa amejaribu kuniokolea mke kwa njia bora, na njia bora ikala muda wa njia mbovu.

"Afisa huyo jina lake nani?"

"Nimeapa, Verlin."

"Hata leo? Si amri imeondolewa?"

"Amri ya chombo imeondolewa. Kiapo changu hakijaguswa."

Nikamwonyesha mlango. Alitoka polepole, akakiacha kiti kimerudishwa mahali pake kama kawaida yake. Pai niliila Jumatatu, baridi, nikiwa nimesimama. Hasira haipiki.

Nikaanza kuwatafuta wakubwa. Shule niliiacha darasa la nane, mikono yangu imezoea patasi kuliko kalamu, lakini niliuliza. Nilimuuliza kamanda, nikamuuliza mwakilishi wetu bungeni alipokuja kushikana mikono na watu kwenye maonyesho ya kilimo. Nilitaka kujua nani alikuwa zamu siku ile na nani aliyekaa kila mwaka akaamua usiri uendelee. Wote walikuwa wapole. Upole ndio silaha yao ya kwanza. Nyingine huziweka kwa ajili ya maadui. Walinishukuru kwa utumishi wangu wa kujitolea na kusema wanaelewa huzuni yangu. Mmoja aliniambia kwamba katika mambo kama haya uamuzi haufanywi na mtu, hufanywa na utaratibu. Nikamwambia utaratibu haujawahi kuteremka langoni kwa miguu miwili. Akatazama saa.

Jumamosi zikawa ndefu. Niligawa karata za watu wanne nikacheza peke yangu, na niligundua kuwa bila Norbert hata hasira yangu ilikosa mtu wa kukaa nayo.

*

Mwezi Oktoba, Dale Wininger, mtoto wa marehemu Gus, ambaye sasa ndiye mkuu wa kikosi, akanipigia simu. Kile chombo tulichopewa zawadi kimewekwa kwenye gari la zimamoto, akasema, na vijana wanapaswa kujifunza kukitumia. Wangefanyia mazoezi ukumbi wa kanisa, kwa moshi wa mashine. Anayekijua chombo ni Norbert. Anayelijua jengo ni mimi. Akaongeza, "Mzee Verlin, ukikataa sitakulaumu."

Nilikwenda. Sijui hadi leo ni nini kilichonipeleka. Labda nilitaka kukiona kikishindwa.

Ukumbi ulikuwa umefungwa madirisha, moshi mweupe umejaa mpaka kwenye kizingiti. Norbert alikuwa pale mlangoni, amekonda, chombo kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Hatukusalimiana. Dale akasema tutangulie sisi wawili, vijana watufuate. Norbert akanikabidhi chombo, akapiga goti nyuma yangu, nikasikia mkono wake ukikishika kiatu changu palepale ulipokuwa ukikishika zamani.

Mkono wangu wa kulia ulikwenda ukutani wenyewe. Sikuuagiza. Nikainua lile jicho kwa mkono wa kushoto, nikatazama.

Ukumbi wote ulikuwa wazi. Niliona miguu ya meza, viti vilivyobebana, bomba la maji ya moto likipita darini kama mstari wa chaki. Na katikati, chini ya meza, vijana walikuwa wamelaza koti lililojazwa chupa za maji ya moto, ili tuwe na wa kumtafuta. Lilikuwa limelala kiubavu. Liling'aa. Nililiona nikiwa kizingitini, kabla sijaweka goti chini, kabla ya hatua hata moja. Pumzi moja tu.

 Nyuma yetu vijana walikuwa wakisukumana ngazini na kuulizana tumeona nini. Nilitaka kugeuka nimpige Norbert, na nilitaka kumkalisha chini nimpe maji, na sikuweza kuchagua. Nikaubandua mkono ukutani ili nijisawazishe.

Pale mkono ulipokuwa, kwenye kioo, kilibaki kiganja. Kiganja changu kamili, vidole vyote, cheupe juu ya ukuta mweusi, kana kwamba kuna mtu upande wa pili aliyeweka chake mahali hapohapo. Joto langu. Sikuwahi kujua kwamba ukuta hubaki na kumbukumbu ya aliyeugusa. Basi siku ile ukuta huu ulijaa viganja vyangu, mzunguko wa kwanza na wa pili, na labda vya Arvella pia, vya chini zaidi, vikielekea mlangoni kisha vikipotea. Vyote vilikuwa vikiwaka gizani, na jicho la kuviona lilikuwa limefungiwa kabatini.

"Hukaa muda gani?" nikamuuliza Norbert. Lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumuuliza kuhusu kazi yake, tangu tulipojuana.

"Si mrefu," akajibu. "Utazame."

Tukakitazama pamoja, mashavu karibu kugusana kwenye kile kioo kidogo. Ncha za vidole zilitangulia kufifia. Ndipo nikakumbuka namna alivyonisimulia habari za lango, neno kwa neno. Kuna moto mjini. Kuna kifaa kinachoweza kumpata mtu. Mtu, alisema. Nikawaza juu ya watu wa Kilimani na midomo yao iliyofungwa, jinsi walivyozoea kusema balbu, kusema kifaa, kusema mtu, hadi pengine hawajui tena kusema vingine, hata mbele ya afisa ambaye huenda alikuwa na tiketi ya chakula chetu mfukoni, ambaye huenda mwaka uliotangulia alisimama kwenye foleni na kupakuliwa maharagwe na mwanamke aliyemtania kuhusu cheo chake.

Nikamuuliza. Mkono wake ulikaza kwenye kiatu changu, ukabaki hivyo, na kiganja kikaisha ukutani, na vijana wakaingia na kelele zao. Jumamosi amekwisha kuja mara kadhaa tangu siku ile. Ananiletea pai, tunagawa karata, tunacheza hadi mwisho. Kila akiinuka kuondoka namuuliza tena, kwa maneno yaleyale, naye huvaa kofia yake.

Pale langoni, Norbert, ulimtaja Arvella kwa jina?